Mchezo wa Malkia na Daftari la Historia

Muhula uliopita Chama cha Historia cha shule yetu kilitazama sehemu kadhaa za mchezo wa televisheni uitwao The Crown, yaani Taji. Tangu hapo nasikia habari za Malkia Elizabeth wa Pili zikisimuliwa mabwenini kana kwamba wasimulizi walikuwako. Jambo hili lanifurahisha, kwa kuwa mwanafunzi abishanaye juu ya historia wakati wa kula ni afadhali kuliko yule aikaririye usiku wa kuamkia mtihani. Lakini katika madaftari niliyosahihisha nimeona majibu matatu yaliyotaja, kama ushahidi, maneno ambayo Malkia alimwambia Waziri Mkuu wake faraghani. Maneno hayo yalitungwa na mwandishi wa mchezo. Basi Mhariri aliponitaka niandike somo la gazeti letu, nikaona heri nieleze jinsi mwanafunzi wa historia apaswavyo kuutazama mchezo wa namna hii. Wazazi nao nawaomba wasome, maana najua wengi wenu mmeutazama nyumbani.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mtungaji wake ni Peter Morgan, Mwingereza, na kampuni ya Netflix iliuonyesha tangu tarehe 4 Novemba 2016 hadi tarehe 14 Desemba 2023, sehemu 60 kwa jumla. Hadithi yaanza mwaka 1947, Elizabeth alipoolewa, na yaishia mwaka 2005. Waigizaji watatu walipokezana nafasi ya Malkia kwa kadiri umri wake ulivyosogea: Claire Foy, Olivia Colman na Imelda Staunton. Malkia mwenyewe alifariki tarehe 8 Septemba 2022, akiwa na umri wa miaka 96, kabla mchezo haujamalizika. Wachezaji ni hodari, na mavazi na magari yametengenezwa kwa uangalifu mkubwa mno. Hapo ndipo penye hatari. Mtu akiona kofia imeshonwa sawasawa na ile ya kwenye picha ya zamani, husadiki kuwa na maneno ya mwenye kofia ni yale yale.

Sasa fikirini habari ya chumba kimoja. Kwa desturi Malkia alionana na Waziri Mkuu wake kila juma. Tangu Winston Churchill, aliyezaliwa mwaka 1874, hadi Liz Truss, aliyezaliwa mwaka 1975, mawaziri wakuu 15 walimtumikia. Mlango ulifungwa, hakuna karani aliyekaa nao, wala maneno yao hayakuandikwa katika kitabu cha kumbukumbu. Kwa mwanahistoria chumba hicho ni giza. Kwa mtungaji wa michezo ni hazina, kwa sababu pasipo na shahidi aweza kujaza apendavyo. Morgan alikwisha kuandika mchezo mzima wa jukwaani juu ya mikutano hiyo, ulioitwa The Audience, mwaka 2013. Hivyo kila mnapowaona Malkia na Waziri Mkuu wameketi peke yao wakizungumza, jueni kwamba mnamsikia Morgan.

Wako Waingereza waliokasirika. Mwaka 2020 waziri wao wa utamaduni, Oliver Dowden, alitaka watazamaji waonywe kwamba hii ni hadithi ya kubuni, na kampuni haikukubali. Mwaka 2022 John Major, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1990 hadi 1997, alikanusha mazungumzo ambayo mchezo ulionyesha akiyafanya na Prince Charles mwaka 1991, kwamba Malkia amwachie mwanawe kiti. Hapo walau alikuwako mtu wa kukanusha. Waliokwisha kufa hawana njia ya kufanya hivyo.

Hata hivyo mimi simwiti Morgan mwongo. Shakespeare alifanya vivyo hivyo. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili, ukachapwa mwaka 1963, hakuna msomaji aliyedhani kuwa hotuba ya Antonio ilinakiliwa na karani wa Roma. Tofauti ni kwamba Kaisari yuko mbali nasi miaka elfu mbili, na Elizabeth alikufa juzi, tena picha zake halisi tunazo. Ukaribu huo ndio unaotupoteza.

Mfano mmoja wa kubuni nitautaja upesi. Mwezi wa Desemba 1952 ukungu wenye moshi wa makaa ulitanda juu ya London kwa siku tano. Wakati ule serikali ilikadiria watu 4,000 walikufa, na wachunguzi wa baadaye wamefikisha idadi hiyo hata 12,000. Katika mchezo, msichana Venetia Scott, karani wa Churchill, agongwa na basi katika ukungu huo, na kifo chake chamwamsha Churchill achukue hatua. Ukungu ulikuwa wa kweli. Venetia Scott hakuwako duniani. Wala serikali ya Churchill haikukaribia kuanguka siku zile kama inavyoonyeshwa, kwani hesabu ya vifo ilijulikana baada ya ukungu kuondoka, na sheria ya kusafisha hewa ilipatikana mwaka 1956. Mtungaji alihitaji kifo kimoja chenye sura, kwa kuwa maelfu hayana sura. Ninyi mwandikapo, andikeni maelfu.

Sasa nije kwetu Afrika ya Mashariki, maana sehemu ya pili ya mchezo yahusu Kenya. Elizabeth na mumewe Philip walifika Nairobi tarehe 1 Februari 1952. Walikaa Sagana, katika nyumba waliyopewa na Kenya kuwa zawadi ya arusi, na usiku wa tarehe 5 walilala Treetops karibu na Nyeri, nyumba iliyojengwa juu ya mti wa mugumo ili watu watazame wanyama wajao kunywa maji. Usiku ule baba yake, Mfalme George wa Sita, akafa usingizini huko Sandringham, mwenye umri wa miaka 56. Kwa kuwa alikufa usingizini, hakuna ajuaye saa hasa ambayo Elizabeth aligeuka kuwa Malkia. Habari rasmi ikachelewa. Katibu wake aliipata kwa mwandishi wa gazeti hotelini Nyeri, ikapitishwa kwa simu hadi Sagana, na Philip ndiye aliyemwambia mkewe. Akaondoka kwa ndege kutoka Nanyuki kupitia Entebbe, na tarehe 7 akawa London.

Haya yote yamo katika kumbukumbu, na mchezo umeyafuata vizuri kwa jumla. Mandhari yenyewe, lakini, ilipigwa picha Afrika ya Kusini. Na kuna jambo kubwa zaidi ya mandhari. Tazameni sehemu hiyo tena, mkaandike kila neno linalosemwa na Mwafrika. Ukurasa mmoja utawatosha, na nafasi itabaki. Tarehe 20 Oktoba mwaka ule ule Serikali ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau, ambao kisa chao kilikuwa ardhi na uhuru, waliingia katika misitu ya Nyandarua, msitu ule ule wa Treetops. Mwezi wa Mei 1954 Treetops ikachomwa moto. Dedan Kimathi alikamatwa upande huo wa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Mtazamaji wa mchezo huona tembo, jua likizama, na mwanamke kijana aliyefiwa na baba. Huzuni yake ilikuwa ya haki, nami siidharau. Lakini ikiwa hicho ndicho chote mtu alichojua juu ya Kenya ya mwaka 1952, hajajua Kenya.

Mfano wa mwisho wahusu shule, na kwa sababu hiyo nitakaa nao kidogo. Katika kijiji cha Aberfan, nchi ya Wales, taka za mgodi wa makaa zilikuwa zikirundikwa mlimani juu ya chemchemi. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966 rundo moja liliteremka na kuifunika shule ya msingi ya Pantglas, watoto wakiwa wameingia darasani. Walikufa watu 144, na kati yao 116 walikuwa watoto. Malkia alifika tarehe 29, baada ya siku nane. Mchezo wauliza kwa nini alichelewa, kisha wamwonyesha akimwungamia Waziri Mkuu Harold Wilson kwamba huko Aberfan alijifuta jicho lisilo na chozi. Mwaona tena kile chumba? Mlango umefungwa, shahidi hayupo. Tunalolijua ni kwamba watumishi wake wa zamani wamesema alijuta kuchelewa, na kwamba alirudi Aberfan zaidi ya mara moja, mara ya mwisho mwaka 2012.

Sehemu hiyo iliniliza, sikatai. Lakini nilipokwisha kulia nilijiuliza wazazi wa wale watoto wangependa tukumbuke nini. Baraza la uchunguzi chini ya Jaji Edmund Davies lilikaa siku 76, likawasikiliza mashahidi 136, na mwaka 1967 likatoa hukumu kwamba lawama ni ya Halmashauri ya Taifa ya Makaa. Barua za kuonya juu ya taka nyuma ya shule zilikuwa zimeandikwa tangu mwaka 1963. Hakuna aliyeshtakiwa. Kwa kila mtoto aliyekufa familia ililipwa paundi 500. Tena, marundo yaliyobaki yalipotakiwa kuondolewa, paundi 150,000 zilichukuliwa katika fedha walizochangiwa wafiwa wenyewe, zikarudishwa mwaka 1997. Mchezo waligusa kosa la wenye mgodi, kisha warudi haraka kwenye jicho la Malkia. Mimi ningependa mwanafunzi wangu ajue barua za mwaka 1963 kabla ya kujua habari za chozi.

Kazi ya likizo, basi, ni hii. Kila mwanachama achague sehemu moja ya mchezo, aigawe karatasi pande mbili: upande huu alichokiona, upande wa pili jinsi kinavyoweza kujulikana, kwa barua, hotuba, picha, gazeti au shahidi. Penye chumba kilichofungwa aache nafasi wazi. Wenye bahati ya kuwa na babu au bibi aliyekuwa shuleni tarehe 2 Juni 1953, siku Elizabeth alipovikwa taji, wamwulize kwa adabu siku hiyo shule yao ilifanya nini, waliimbishwa nini, na wao wenyewe walifikiri nini. Andikeni majibu kwa maneno yake yeye, pamoja na jina la kijiji na tarehe mliyomwuliza. Nitayapokea juma la kwanza la muhula.