SARATANI YA KOO INAYOSIKIA MIONZI

Mwaka juzi alinijia mvuvi mmoja wa hapa Malindi, mtu wa makamo, ana uvimbe shingoni chini ya taya. Hauumi. Nilimpa vidonge vya mafindofindo, akarudi, nikampa tena. Miezi miwili ikapita hivyo, na kosa ni langu. Uvimbe wa shingo usioondoka kwa wiki tatu, hasa kwa mtu mzima, upelekwe hospitali kubwa hata kama hauumi.

Alipochukuliwa kinyama kwenye findo la koo kikapimwa, ilionekana saratani iliyoletwa na kirusi cha HPV. Ndicho kirusi kinachosababisha pia saratani ya mlango wa kizazi.

Wengi wakisikia "kirusi" hudhani ndiyo balaa zaidi. Hapa ni kinyume. Mionzi hukata nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe za mwili. Kila chembe ina mlinzi wake, anayeiamuru ife ikiharibika. Kwa mvutaji, mara nyingi tumbaku imeshamharibu mlinzi huyo kabisa, basi saratani hustahimili kipigo. Kirusi humzuia tu asifanye kazi. Tena chembe zenye kirusi ni dhaifu katika kujitengeneza zikishakatwa. Madaktari wanadhani ndiyo maana saratani hii husikia mionzi.

Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa wa koo waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa. Baada ya miaka mitatu, katika kila wenye kirusi 100 walikuwa hai 82. Wasio na kirusi, 57. Lakini wenye kirusi waliokuwa wavutaji wakubwa hawakufanikiwa kama wenzao. Basi anayevuta, au anayetia tumbaku katika tambuu, asijitulize kwa habari hii.

Mzee wetu alipanda boti kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tiba ya kawaida ni mara 35, siku tano kwa wiki, wiki saba. Kila mara ni dakika chache na haiumi. Maumivu huja baadaye. Wiki ya nne alinipigia simu: "Mwanangu, koo zima kidonda, hata uji haushuki. Narudi." Nikamwambia, "Mzee wangu, ukikatisha sasa, chembe zilizobaki zitaota upya. Mwambie daktari akupe dawa ya maumivu, lakini usikose siku hata moja." Alikaa. Mtoto wake aliuza mashine ya ngarawa ili apate pesa za kukaa huko.

Wazazi, chanjo ya HPV hutolewa Tanzania kwa wasichana tangu mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Uvimbe wa mzee umekwisha. Mate hayajarudi sawasawa; huenda baharini na kidumu cha maji, na wali hali mpaka uwe na mchuzi mwingi.