Vidole vinauma kando ya kucha, nitumbue?

SWALI: Daktari, mimi ni mama lishe hapa Tandika. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimevimba kando ya kucha na vinauma kwa zaidi ya miezi miwili sasa. Jirani anasema ni mdudu, nivitumbue kwa sindano ya moto. Nifanye hivyo?

JIBU: Hapana mama, tafadhali usitumbue. Sindano inaweza kuusukuma uchafu ndani zaidi, na maambukizi yakizama kwenye ncha ya kidole huweza kufika hadi mfupani.

Mdudu anayemsema jirani yako huja ghafla. Mtu anang'ata kucha au anakatwa ngozi saluni, bakteria wanaingia, na baada ya siku chache kidole kinakuwa cha moto na kinapwita usiku kucha. Kidole hicho hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara tatu au nne kwa siku, kisha kidole kinakaushwa vizuri. Usaha ukijikusanya, mgonjwa aende zahanati wakautoe kwa kifaa safi.

Wewe usiloweke. Maumivu yaliyopita wiki sita ni sugu, na kwa kazi yako nashuku sana maji yenyewe. Tazama shina la kucha: pana utando mwembamba unaoziba nafasi kati ya kucha na ngozi. Sufuria, sabuni, jiki, nyanya na ndimu za kutwa nzima huulegeza mpaka unatoweka, kisha sabuni na fangasi hupenya humo kila siku. Ndiyo maana vidonge mnavyonunua dukani haviwasaidii. Nawaona kinamama wengi wakimaliza dozi na kurudi kwenye beseni lilelile.

Vaa glavu za mpira, ndani yake zile za pamba, maana mpira mtupu hutoa jasho. Kausha vidole kila unaponawa, paka mafuta mazito ya mgando, na usikate wala kusukuma utando unaoanza kuota. Ukiweza, mwachie msaidizi vyombo kwa wiki kadhaa. Kituo cha afya watakupa krimu ya kutuliza uvimbe. Ukiwa huko omba upimwe sukari, kwani kisukari hufanya vidonda vichelewe kupona.

Ukiona homa, mstari mwekundu unaopanda mkononi, au ncha ya kidole imekuwa ngumu na inauma kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vikitoka vilengelenge vidogo vilivyosongamana, usivipasue: huenda ni virusi, navyo huambukiza. Mabonde kwenye kucha yasikutishe. Kucha huchukua karibu miezi sita kukua upya.