Bidhaa Mbovu Ikikujeruhi, Anzia Hapa

Mpini wa birika jipya la umeme umeng'oka ukimimina chai, na maji yamemuunguza mtoto. Mpeleke hospitali kwanza. Ukitoka huko, beba kadi ya matibabu na risiti zote, hata ya dawa ya shilingi mia mbili.

Birika lenyewe lihifadhi jinsi lilivyo. Usilitengeneze, wala usikubali muuzaji alichukue akupe jingine, maana ushahidi wako utakwenda nalo. Lipige picha kila upande, pamoja na kibandiko chenye jina la mtengenezaji na alama ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Andika SM# ikifuatwa na nambari iliyo chini ya alama hiyo, utume kwa SMS kwenda 20023 uone kama ni ya kweli. Huna risiti ya dukani? Ujumbe wa M-Pesa unatosha kuanzia.

Unamdai nani? Mnunuzi anamdai muuzaji, aliyetakiwa kisheria kumuuzia kitu kinachofaa. Maandishi ya risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi hayafuti haki hiyo, na inaniuma kuona wengi wakikatia tamaa hapo. Aliyeumia bila kununua, kama huyo mtoto, anaweza kumdai mtengenezaji kwa uzembe, yaani kutochukua tahadhari iliyopasa. Mzazi ndiye humfungulia kesi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinataja wazi fidia kwa jeraha linalotokana na bidhaa mbovu.

Andika barua ya madai: kilichotokea, gharama za matibabu, nauli, siku ulizokosa kazini, na siku 14 za kujibu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri.

Wakinyamaza, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja bila malipo, na KEBS hupigiwa bure kwa 1545. Kwa fidia yenyewe, nenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Wakili si lazima. Ada ya kufungua kesi iulize masjala, ofisi inayopokea mafaili. Sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60.

Usikawie. Dai la uzembe lina miaka 3 tangu kuumia. La mkataba wa mauzo, miaka 6 tangu kununua. Mtoto huongezewa muda, lakini kibandiko hufifia na duka huhama.