Chungu wa Moto: Jinsi ya Kumtambua na Kujikinga Naye

Familia nyingi zilizohamia Texas kutoka Afrika Mashariki na Kongo huwajua siafu, majimoto na sisimizi. Chungu wa moto ni mgeni kwao. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Marekani katika miaka ya 1930 kupitia bandari ya Mobile, Alabama, na leo ameenea katika majimbo ya kusini.

Dalili za kumtambua

• Rangi: mwekundu wa kahawia, mwenye tumbo jeusi zaidi.
• Ukubwa: katika kichuguu kimoja huonekana wadogo kwa wakubwa, takriban milimita 2 hadi 6.
• Kichuguu: udongo uliotifuka, usio na tundu juu yake. Huonekana zaidi baada ya mvua, kwenye nyasi zenye jua na kando ya njia za saruji.
• Tabia: siafu huenda kwa msafara na huuma kwa meno. Chungu wa moto hububujika kichuguu kinapoguswa, hung'ata ngozi ili ajishikize, kisha hudunga mara kadhaa kwa mwiba wa mkiani.

Ukidungwa

1. Ondoka mahali hapo, uwapanguse upesi kwa kitambaa. Maji pekee hayawaondoi.
2. Osha kwa sabuni na maji, kisha weka kitambaa baridi.
3. Baada ya takriban siku moja hutokea kipele cheupe. Usikitumbue, kwa maana ngozi iliyochanika huingiza vijidudu.

Piga simu 911 mara moja

Piga iwapo aliyedungwa anapumua kwa shida, amevimba uso, midomo au ulimi, au anaona kizunguzungu. Taja neno "Swahili" na uombe mkalimani. Usingoje hali itulie. Kuzoea kuumwa na siafu si kinga, na aliyewahi kudungwa bila madhara aweza kudhurika safari nyingine.

Kinga nyumbani

Kagua uwanja kabla ya kutandika mkeka au kuwaruhusu watoto kucheza, na vaeni viatu. Mtoto mchanga au mgonjwa asiyeweza kuinuka asilazwe nyasini, kwa kuwa hawezi kujiokoa. Tumia chambo chenye sumu kilichotengenezwa kwa chungu hawa, kwa kufuata maelezo ya pakiti, na ukiweke mbali na watoto. Kamwe usimwage petroli kichuguuni: huweza kulipuka moto, na huharibu udongo na maji.