Saa ya Ukutani kwa Kandambili za Ufukweni: Hesabu Kwanza, Resini Baadaye

Wiki hii tunashika kazi ya mikono. Tutatengeneza saa ya ukutani kwa resini na vipande vya kandambili zilizotupwa na bahari, halafu tuiuze bila kula hasara. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo limetufanya tuandike.

Tumechagua Kiunga, kaskazini mwa Lamu karibu na mpaka wa Somalia, kwa sababu kazi hii ina historia pale. Bahari ya Kiunga ni hifadhi tangu 1979, lakini hifadhi haizuii taka kuingia. Mikondo ya Bahari ya Hindi hubwaga ufukweni kandambili (wengine mnaziita ndara au champali) kutoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mtaalamu wa viumbe vya baharini aliyekuwa akifanya kazi huko na WWF, aliona watoto wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa kandambili hizo. Akina mama wakahimizwa kuziokota, kuziosha na kuzichonga ili wauze. Wazo likakua mpaka likazaa kampuni ya Ocean Sole ya Nairobi, inayouza sanamu za wanyama. Na hapo Lamu, Septemba 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la tani 10 za plastiki iliyotumika, lililopambwa kwa kandambili kama 30,000. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Basi mtu asikwambie taka haina soko.

Ukiokota, okota kandambili tu. Matumbawe na magamba ya kasa yaache pale pale hata kama yanapendeza, kwani kasa analindwa na sheria na unaweza kujikuta mahakamani kwa ajili ya saa ya ukutani. Na angalia unapokanyaga, kasa hutaga kwenye fukwe hizo.

Vitu unavyohitaji

Resini ya epoksi huja kwa chupa mbili, yenyewe na kigumishi chake. Tafuta pia mashine ya saa ya betri pamoja na mishale yake, mfuniko wa ndoo ya plastiki wenye upana wa sentimita 25 hivi utumike kama kalibu, glavu, vikombe viwili vyenye alama za vipimo, kijiti cha kukorogea na msasa. Kabla hujanunua mashine, pima unene wa saa unayotaka. Saa ya unene wa sentimita 1 inahitaji mashine ambayo shingo yake yenye nati ni ndefu kupita hapo, angalau milimita 15. Hapa watu wengi huchemsha. Wanaletewa mashine ya shingo fupi, nati haishiki, na nauli ya kuirudisha inazidi bei ya mashine.

Osha kandambili kwa maji ya bahari na sabuni kwanza, mchanga wote utoke, halafu suuza kwa maji baridi ya kunywa. Maji hayo si ya kuchezea visiwani, ndiyo maana yabaki ya mwisho. Anika kivulini siku mbili. Unyevu ukibaki ndani, resini itajaa mapovu na ukungu. Kisha kata vipande vidogo, upange rangi utakavyo.

Kumwaga

Saa yetu ya kwanza iliharibika, tuseme ukweli. Tulipanga vipande vizuri, tukamwaga resini yote kwa mpigo, vipande vikaelea kama maboya. Kandambili ni nyepesi. Kwa hiyo mwaga tabaka jembamba kwanza, panga vipande juu yake, subiri ianze kushika kama asali nzito, ndipo ujazilize. Tabaka nene la mara moja lina ubaya mwingine pia: resini inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi inaweza kupasuka au kugeuka njano.

Vipimo fuata maandishi ya chupa. Kuna aina ya moja kwa moja, kuna ya mbili kwa moja, na kuna zinazopimwa kwa mizani. Usikisie kwa macho. Ukikosea, itabaki inanata wiki nzima na hakuna dawa ya kuiokoa. Koroga polepole dakika tatu au nne, ukikwangua pembeni. Joto la pwani huharakisha kuganda, basi changanya kiasi kidogo kidogo. Siku ya mvua ahirisha. Fanya kazi penye hewa, mbali na watoto na mbali na jiko. Ikikugusa ngozi, nawa kwa sabuni, si kwa thina.

Iache saa 24 juu ya meza iliyosawazika, ndipo uitoe kwenye mfuniko. Siku ya tatu toboa tundu la katikati kwa drili yenye biti ya milimita 8 (fundi wa mbao wa mtaani anayo), piga msasa ukiwa umefunga pua na mdomo, kisha funga mashine.

Namba za saa ndipo unapoweza kujitofautisha. Andika za Kiswahili: juu kabisa weka 6, kulia 9, chini 12, kushoto 3. Mshale mfupi ukielekea juu, ni saa sita kweli kweli. Bibi hahitaji tena kujumlisha sita kichwani, na mgeni anapata kitu cha kusimulia kwao.

Sasa pesa

Kandambili ni za bure, na hapo ndipo mtego ulipo. Saa ya upana wa sentimita 25 na unene wa sentimita 1 ina ujazo wa kama mililita 490. Vipande vikichukua theluthi moja, utahitaji resini kama mililita 330. Weka 350, nyingine itabaki kikombeni. Tuseme lita moja pamoja na kigumishi umeipata kwa shilingi 2,400. Resini ya saa moja ni 840. Mashine 350. Glavu, msasa na vikombe 100. Mgao wa usafiri wa mzigo kutoka Mombasa 200. Ada za kutuma pesa 40. Jumla ni 1,530, na hujajilipa hata senti. Ukiuza 1,500 kwa kuwa jirani kasema “si taka tu hizo”, umemlipa wewe achukue saa. Weka bei zako halisi mahali pa hizi, lakini usiruke mstari wowote.

Mteja akitaka jina lake au la harusi yake liandikwe ndani, usifungue chupa kabla ya malipo ya kwanza yanayofunika vifaa vyote, hapa 1,530. Resini ikishaganda hairudi chupani, na saa yenye jina la Bwana Fulani hainunuliwi na mtu mwingine. Usione haya kuomba. Mwambie, “Dada, nikipata ya vifaa naanza leo,” mtaelewana.

Unaponunua resini kwa muuzaji wa mtandaoni, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Kama amejitangaza kama duka na jina ni la mtu usiyemjua, simama, mpigie, agiza kidogo kwanza. Mtu akikuomba namba ya siri, hata akisema anatoka kwetu, kata simu. Sisi hatuiulizi.

Pesa za malipo ya kwanza ziweke kando na za sukari na unga. Zikichanganyika, siku ya kuagiza mashine utakuta zimeshaliwa.

Siku ya kukabidhi, mteja atakuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ametuma salio. Ujumbe unaweza kughushiwa. Fungua menyu kwenye simu yako, angalia salio lako mwenyewe, ndipo uifunge saa kwenye gazeti umpe, na betri uitoe ili mishale isizunguke njiani.