Somo Kutoka Korongo la Hell's Gate

Wahenga walisema tembea uone, nasi wanachama tulitii. Katika somo hili nitakueleza yaliyoko Hell's Gate, kisha nikuonyeshe jambo moja ambalo laweza kukuokoa maisha siku utakapokwenda.

1. MAHALI PENYEWE

Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate iko kusini mwa Ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984, na ukubwa wake ni kama kilomita 68 za mraba. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya punda milia, twiga, swala na ngiri. Lakini usijisahau ukadhani uko uwanjani kwenu. Nyati na chui wamo pia.

Ukiingia kwa Lango la Elsa utauona Mnara wa Fischer, mwamba wa mita 25 hivi uliosimama peke yake. Umepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Ni lava iliyoganda ndani ya koo la volkano, kisha udongo laini ulioizunguka ukamomonyoka. Njiani utaokota kwa macho tu (usitie mfukoni!) mawe meusi yanayong'aa kama chupa. Hicho ni kioo cha volkano. Chini ya ardhi moto haujazimika, na ndiyo sababu umeme wa mvuke umezalishwa hapo Olkaria tangu mwaka 1981.

Mwisho wa barabara kuna korongo la Ol Njorowa. Zamani za kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, likafurika upande wa kusini. Maji hayo ndiyo yaliyolichimba korongo. Shika hilo, tutalirudia.

2. SAFARI YETU

Tulikwenda likizo ya Aprili, wanafunzi kumi na wawili na mwalimu wetu. Tulikodisha baiskeli karibu na lango. Yangu ilikuwa na breki moja, na kabla ya kufika mbali ikapata pancha. Bahati nzuri mwenzangu alibeba pampu na viraka. Jua lilikuwa kali, vumbi tele, lakini nani alijali? Twiga walitutazama tukipita kana kwamba sisi ndio wanyama.

Tulipofika korongoni tuliteremka na mwongozaji, mzee wa Kimaasai aliyelijua kila jiwe. Kuta zilikuwa ndefu na nyembamba juu yetu, mchanga laini chini. Hatukuwa tumekwenda hata dakika kumi aliposimama akatazama mbali, kwenye vilima, ambako wingu jeusi lilikuwa limetanda.

"Vijana, tunarudi juu," akasema.

Sisi tukaanza kunung'unika. Wengine tulikuwa tumeweka akiba muhula mzima. Mmoja wetu akasema, "Lakini mzee, hapa hakuna hata tone la mvua!"

Mzee hakukasirika. Alitunyoshea kidole ukutani. Juu ya vichwa vyetu, mbali kuliko mkono wa mtu mrefu ungefika, gogo lilikuwa limekwama kati ya miamba miwili. "Nani alilipandisha pale?" akauliza. Hakuna aliyejibu. Tukapanda.

Usiku tulipiga kambi. Hakuna umeme wala maduka. Tulipika ugali kwa sufuria moja, tukajifunika blanketi mbili mbili kwa baridi. Kambini petu haikunyesha. Asubuhi mzee alitupeleka ukingoni mwa korongo, tukachungulia. Mchanga ulikuwa umelainishwa kama uliopigwa pasi. Alama zetu za viatu za jana hazikuwepo hata moja. Yule aliyelalamika alimwendea mzee, akamshika mkono, akasema, "Ahsante, baba."

3. SOMO LENYEWE

Korongo ni njia ya maji. Mvua ikinyesha milimani, maji hukimbilia kwenye njia yake hata kama wewe uliye chini unaota jua. Kuta ni wima, mahali pa kupandia ni pachache, na maji huja ghafla. Mwezi wa Aprili 2012 vijana 7 wa kundi la kanisa walikufa humo kwa mafuriko. Septemba 2019 wakafa watu wengine 7, akiwemo mwongozaji. Basi kumbuka:

(a) Uliza langoni hali ya korongo. Likifungwa, limefungwa. Usitafute njia ya panya.
(b) Usiteremke bila mwongozaji, na akisema rudi, rudi.
(c) Usilitazame anga la juu yako tu, tazama na la milimani.
(d) Usipige hema mahali maji yalipopita. Tumia viwanja vya kambi vilivyotengwa, kama Naiburta na Ol Dubai.
(e) Kagua breki, gurudumu na maji ya kunywa kabla ya kuondoka.
(f) Takataka zako rudi nazo. Nyani wakizoea mabaki ya chakula, watawasumbua wageni wajao.

Pesa za safari hutafutwa tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na uhai ni vivyo hivyo.

4. MSAMIATI

Korongo: ufa mrefu wenye kina ardhini uliochimbwa na maji.
Kumomonyoka: kubomoka kidogo kidogo.
Pancha: tundu kwenye mpira wa gurudumu.

5. MASWALI

1. Eleza jinsi korongo la Ol Njorowa lilivyotokea.
2. Gogo lilifikaje juu ya ukuta?
3. Kwa nini anga safi si ushahidi wa usalama?
4. Andika insha itakayoishia kwa methali: "Tahadhari kabla ya hatari."

Haya, msomaji. Ukienda, tusalimie twiga, na urudi utusimulie.