Kiporo cha Kifungua Kinywa: Tubuni Mapishi, Tusitupe, Tusiugue

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazozungumza Kiswahili hapa Uingereza. Mtu anaweza kulisoma peke yake, lakini faida yake huzidi likisomwa kwa sauti mezani, wakubwa na wadogo wakiwapo.

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma, kila mwanakaya aweze: kutofautisha chakula cha kuhifadhiwa na cha kutupwa, kukipoza na kukiweka kwa wakati, na kukigeuza kuwa mlo mpya ambao watu wataufurahia.

1. Kiporo si makombo

Katika jambo hili lugha yetu imetutangulia. Kiporo ni chakula kilichobaki chunguni, ambacho hakijapakuliwa. Makombo ni masalio ya sahani, yaliyokwisha kuguswa na mkono, kijiko au mdomo. Kiporo huhifadhiwa. Makombo hayahifadhiwi, kwa kuwa mate na mikono huacha vijidudu ambavyo huendelea kuzaana ndani ya chakula.

Kwa hiyo uji uliobaki katika bakuli ambalo mtoto amelishwa kwa kijiko hauwekwi hadi jioni. Maziwa ya kopo yaliyobaki katika chupa ya mtoto mchanga nayo humwagwa anapomaliza kunyonya. Yamkini moyo utauma, lakini dawa ya uchungu huo iko mwanzoni mwa mlo: pakua kidogo, acha kingine sufuriani, na anayetaka aongezewe.

2. Saa ya kwanza ndiyo yenye uamuzi

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Ni Jumamosi asubuhi. Mezani pana mahamri, mbaazi za nazi zilizopikwa alfajiri, chapati, mayai ya kuchemsha, na wali wa jana usiku uliotolewa kwenye friji na kupashwa moto. Saa tatu wote wameshiba na vyakula vimebaki. Baba amelala baada ya zamu ya usiku na ataamka saa nane mchana. Bibi anachukua kawa, anafunika kila kitu pale pale mezani, kama alivyofanya maisha yake yote.

Mkwewe anasita. Bibi anamuuliza, "Mwanangu, si ndivyo tulivyolelewa? Nani aliyedhurika?"

"Ni kweli, mama," anajibu, "lakini nyumba hii ina joto mchana kutwa, na wewe mwenyewe una kisukari. Sitaki tubahatishe."

Swali la bibi ni la haki, nalo linastahili jibu kamili. Si kila kiporo kilichoachwa nje humwuguza mtu, na hata kwetu si kila tumbo la kuendesha lilichunguzwa chanzo chake. Mchele hubeba mbegu ndogo mno za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto la chumba, huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu. Ubaya wake ni kwamba sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kupashia. Wali unaweza kutoa mvuke, ukanukia vizuri, na bado ukamtapisha mlaji saa chache baadaye. Mtu mzima mwenye nguvu kwa kawaida hupona upesi. Mtoto mchanga, mzee, mjamzito na mwenye maradhi ya kudumu wamo katika hatari kubwa zaidi.

Ndiyo maana miongozo ya usalama wa chakula nchini humu inasisitiza haya:

Wali upozwe na kuingizwa kwenye friji ndani ya saa 1, na uliwe ndani ya saa 24.

Vyakula vingine vilivyopikwa, kama mbaazi, maharage na mayai, viingizwe ndani ya saa 1 hadi 2, na viliwe ndani ya siku 2.

Friji iwe na nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake. Namba za kwenye kitufe cha friji mara nyingi si nyuzi za joto. Kipimajoto kidogo cha friji kitakupa jibu la hakika.

Kiporo kipashwe moto mara 1 tu, hadi kitoe mvuke hadi katikati. Ukitumia maikrowevu, koroga katikati ya muda, kwani hupasha pembeni na kuacha baridi ndani.

Ili wali upoe haraka, utandaze juu ya sinia pana safi. Mbaazi zigawe katika vyombo vifupi. Usiingize sufuria kubwa ya moto katika friji, maana itapandisha joto la vyakula vilivyomo.

Sasa turudi mezani kwa bibi. Wali ule umekwisha kupashwa moto mara moja, uliobaki utupwe. Mbaazi na mayai viende kwenye friji. Mahamri na chapati, kwa kuwa ni vikavu, vinaweza kufunikwa na kukaa nje hadi kesho. Kawa ya bibi haijastaafu. Imebakiwa na kazi inayoifaa.

3. Majaribio manne ya jikoni

Chapati za jana. Zikunje na uzikate vipande vyembamba kama tambi. Kaanga kitunguu, karoti na kabichi, tia chapati, kisha vunjia mayai 2 na ugeuzegeuze hadi yaive kabisa. Ni chakula cha mchana kwa watu wawili au watatu.

Uji mzito uliobaki sufuriani. Ukiwa umepozwa na kuwekwa kwenye friji, chukua kikombe 1, ongeza kikombe 1 cha unga wa ngano, yai 1, chumvi kidogo na maji ya kutosha kulegeza. Pika kama chapati za maji. Uji wa ulezi hutoa rangi ya kahawia na ladha ambayo watoto huidhania ya keki.

Mbaazi za nazi. Chuja rojo, ziponde, changanya na kitunguu, kotmiri, pilipili na unga kidogo wa dengu. Fanya madonge bapa na uyakaange hadi yapate moto mpaka ndani. Rojo uichemshe upya na uinywe kama supu katika mlo huo huo.

Mkate mkavu. Usage uwe chenga, uzitie friza, na uzitumie kuvingirishia katlesi. Mkate wenye ukungu, hata doa dogo, utupwe wote. Ukungu huenea ndani pasipo kuonekana.

Katika kujaribu, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili ukifanikiwa ujue kilichokufaa. Na usionje ili kupima kama chakula kimeharibika. Ulimi hautambui sumu. Tarehe uliyoiandika juu ya chombo ndiyo shahidi.

4. Friza na maandishi ya pakiti

Usipokuwa na nia ya kula kiporo ndani ya siku 2, kigandishe siku ile ile. Chapati zitenganishwe kwa karatasi ya kuokea, mbaazi ziwekwe kwa kiasi cha mlo mmoja, na kila chombo kiandikwe tarehe. Yeyusha ndani ya friji usiku kucha, na ule ndani ya saa 24.

Madukani utaona maandishi mawili. "Use by" huhusu usalama: tarehe ikipita, usile, hata kama chakula kinanukia vizuri. "Best before" huhusu ubora tu: mkate au biskuti zaweza kuliwa baada ya tarehe hiyo zikiwa hazina ukungu. Kaya nyingi hutupa chakula kizima kwa kuchanganya maneno haya mawili.

5. Mtu akiugua

Anayetapika au kuharisha anywe maji kidogo kidogo mara kwa mara, na asipikie wengine hadi zipite saa 48 tangu dalili zikome. Mtoto mchanga, mzee au mjamzito akiugua, au ikionekana damu, wasiliana na daktari wako. Nchini England waweza pia kupiga simu 111. Una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo.

Maswali ya kujadili nyumbani

Ni chakula gani tulichotupa wiki hii, na kilikuwa kiporo au makombo? Friji yetu ina nyuzi ngapi? Nani atatandaza wali kwenye sinia leo baada ya kula? Mjibu pamoja, na swali la mwisho lipate jina la mtu kabla hamjaondoka mezani.